Mkanda wa Sita

Zaituni mwanangu,

Salamu utazikuta chini. Kwanza fungua begi, ule mfuko wa mbele, uhesabu mikanda yako ya kuzungushia miti. Uliweka sita. Nilikuona jana ukiipanga kitandani, ukaikunja mmoja mmoja kama mtu anayekunja khanga za harusi. Sasa utakuta mitano. Kabla hujaja kumtilia shaka mpiga debe wa stendi ya Msamvu, au abiria utakayekaa naye kiti kimoja, ujue aliyeuchukua ni mimi. Nimeuchukua leo ulipokwenda Matombo kumuaga bibi yako. Haurudi. Nitakueleza kwa nini, na maelezo ni marefu, ndiyo maana naandika. Kwa mdomo ungenikatiza. Una tabia ya kukata, wewe.

Sitaandika habari za kula vizuri, kujifunika na baridi ya Moshi wala kupiga simu ukifika. Hayo unayajua, na kama kwa umri huu huyajui, barua haitakusaidia.

Nianze na lile ulilonifanyia, maana bado linaniuma na sitajifanya limepoa.

Uliporudi kutoka kupanda miamba mara ile ya mvua, ulitupa vifaa vyako vyote kwenye beseni uani, vimejaa tope, ukaenda kulala. Mimi siwezi kulala nyumba moja na kitu kichafu. Nikaanza kusuuza. Nikakuta mikanda miwili imelika ukingo mmoja, nyuzi zimesimama kama nywele za mtoto aliyeamka. Ulikuwa umeizungusha kwenye mti ishike kamba, na mahali fulani ilikuwa inapita juu ya ncha ya jiwe, ikawa inasuguliwa kila mtu anapopanda na kushuka. Hilo sikuhitaji kuambiwa. Mikanda ya malori hulika hivyo hivyo kwenye pembe ya bodi.

Sasa niambie, ulitarajia nini? Mimi ndiye Mama Zaituni wa maturubai. Kihonda nzima, dereva turubai lake likipasuka anajua mlango wa kugonga. Nilianza na sindano ya magunia, nashona kwa mkono, nimekaa chini kwenye kipande cha boksi. Hakuna aliyenifundisha. Kitu kikichanika nilikuwa nakifumua chote nione kilishonwaje, halafu nakirudisha. Cherehani ya kwanza niliikuta imekufa, nikaifungua, nikaifufua. Kutupa ni kazi ya wenye vingi. Kwa hiyo nikaipeleka mikanda yako dukani, nikatia sindano nene, nikapiga mshono wa boksi wenye msalaba ndani, ule ninaoutia kwenye mikanda ya kufungia mashine za viwandani. Mmoja niliushona kwa uzi mweusi kwa kuwa ndio uliokuwa kwenye cherehani. Wa pili nikatafuta uzi wa buluu uliolingana na mkanda wenyewe, nikaushona taratibu, nikachoma ncha za nyuzi kwa kiberiti. Ulikuwa umetulia kiasi kwamba hata mimi nilikuwa nautafuta mshono kwa kidole.

Ulipouona ule wa uzi mweusi uliugeuza, ukapitisha kidole gumba.

"Nani kashona huu?"

"Nani mwingine yupo humu?"

"Umeshona vizuri, mama," ukasema. Nikafurahi, nisikufiche. Kisha ukanyoosha mkono ukachukua mkasi wangu wa turubai, ule nisiomwazima mtu, ukaukata mkanda vipande viwili mbele ya macho yangu.

Nikakuuliza, mkanda mzima unaukata? Ukanijibu bila hata kupandisha sauti, "Si mzima, mama. Unaonekana mzima." Ukaongeza kuwa kwenu wapanda miamba, kitu kikishatiliwa shaka kinakatwa hapo hapo, ili asije mwingine akakiokota akadhani ni kizima.

Ndipo nilipotakiwa kukuambia kwamba upo wa pili. Nikanyamaza.

Nataka uelewe nilichokuwa nawaza, maana nimekaa nikijiuliza na jibu si zuri. Nilikuwa nawaza: acha aende nao. Atauzungusha mitini, ataning'inia, utamshika, na siku moja nitaugeuza mbele yake na kumwonyesha kwa kidole, unaona, muda wote huo ulikuwa umeshikwa na mshono wa mama yako. Nilitaka kushinda. Mtu anataka kushinda kwenye bao, kwenye mpira. Mimi nilitaka kushinda kwenye kitu kilichobeba roho yako.

Turudi nyuma kidogo, maana kabla ya hasira kulikuwa na udadisi, na udadisi ndio ulioniokoa.

Habari za wewe kupanda miamba sikuzipata kwako. Nilizipata kwa dereva wa ndizi aliyekuja kuchukua turubai lake. Aliniambia, huku anacheka, "Mama Zaituni, mwanao nimemwona juu ya shamba la bibi yake, ananing'inia jiweni kama popo." Nikamwambia atakuwa kaona popo. Alipoondoka na turubai lake nikafunga duka, nikapanda gari la Matombo, nikatembea mpaka kwenye lile jiwe kubwa. Mliniona nimesimama chini, nimeshika kiatu mkononi kwa sababu ya tope. Yule mwalimu wako Neema akanikimbilia, "Shikamoo mama," adabu tele. Wewe ulikuwa juu, na hukuweza kukimbia wala kujificha. Nilipenda hiyo. Ni mara ya kwanza nimekuuliza swali ukiwa mahali ambapo huwezi kuondoka.

Nilikuja kugomba. Lakini macho yangu yakaenda kwenye vitu. Ndivyo nilivyo, siwezi kupita penye fundo nisilijue. Nilishika ile pete ya chuma yenye mlango mnayoiita karabina, nikaona imechongwa namba ubavuni: ishirini na mbili, ikifuatiwa na herufi mbili. Nikamuuliza Neema ishirini na mbili ya nini. Akaniambia ni nguvu inayoweza kuhimili, ukiigeuza kuwa uzito ni kama tani mbili na ziada. Nikakutazama kule juu. Wewe una kilo hamsini na nane, nilikupima mwenyewe kwenye mizani ya jirani yetu Bakari. Basi hapo swali likaniingia kichwani na halikutoka: mtu wa kilo hamsini na nane anataka pete ya tani mbili ya nini?

Hukuniona, lakini tangu hapo kila ulipolala nilikuwa napekua vifaa vyako. Si kwa ubaya. Nilivaa viatu vyako, vikaniuma mpaka machoni. Nikashangaa mtu ananunuaje kiatu kinachokunja vidole, halafu nikaona soli: raba laini, haina kashata hata moja, yale meno ya chini. Mimi nilidhani cha kukamata jiwe kiwe na meno kama tairi la trekta. Nikakisugua kwenye sakafu ya saruji, kikang'ang'ania. Nikaelewa kwamba meno ni ya tope. Kwenye jiwe kavu kinachoshika ni raba yote kulala juu ya jiwe, na kidole kilichojikunja ndicho kinachoisukuma. Ule unga mweupe nikaujua mara moja, maana hata sisi tunaoshona turubai lenye mafuta hupaka unga mikononi sindano isituteleze. Helmeti nikaigonga. Hanesi, yaani ile suruali isiyo na suruali, mikanda ya kiunoni na mapajani tu, niliichunguza kwa muda mrefu kuliko vyote. Mshono wake ni mzuri. Nasema hivi na mimi si mtu wa kusifu mshono wa wengine. Nilihesabu mapito ya uzi mpaka nikapotea.

Kilichonikera ni kamba. Mita sabini, unene milimita tisa nukta nane, na ukiivuta inavutika. Kwangu kamba inayovutika ni kamba mbovu. Ukifunga mzigo wa mbao kwa kamba hiyo, ukifika Mikese mbao ziko barabarani. Nikakuambia umeuziwa takataka. Ulicheka tu, ukasema, "Mama, isipovutika ndiyo tunaitupa." Nikaona unanifanyia dharau. Sasa nikakaa na maswali mawili: pete ngumu mno, na kamba laini mno. Havikukubaliana kichwani.

Hapo ndipo tulipokuwa wakati mjomba wako Kibwana alipokuja.

Unajua kwetu ilivyo. Baba yako, Mungu amrehemu, angekuwa hai angetoa maoni yake na tungemsikiliza kwa heshima. Lakini wewe ni mtoto wa ukoo wangu, na neno la mwisho juu yako ni la kaka yangu. Barua ya kule Moshi, kwamba wanakuchukua ujifunze kupandisha watu miamba na baadaye ufanye kazi kwao, aliisoma mara mbili. Wewe ulikuwepo, ulimsikia akisema atafikiri. Ambalo hukulisikia ni lile aliloniambia nilipomsindikiza barabarani.

"Dada," alisema, "mimi mambo ya kuning'inia siyajui. Lakini mikanda unaijua wewe. Ukiniambia vile vitu vinashika, sina neno, aende. Ukiniambia havishiki, siku ya safari nasimama mlangoni mwa basi nimzuie."

Nikamwambia nitampa jibu kabla hujaondoka. Kwa nini sikumjibu pale pale? Kwa sababu ningesema "vinashika", na moyoni nilikuwa naujua mkanda mmoja wa buluu.

Kuna jambo hujalijua, na nalisema leo kwa sababu linahusika. Nilipokuwa na umri wako nilipata nafasi ya kwenda Dar kujifunza ushonaji chuoni. Mjomba wangu mimi akasema hapana. Hakueleza. Nilimtazama mama, bibi yako uliyemuaga leo, nikingoja aseme chochote. Alikuwa anamenya ndizi. Alimenya mpaka zikaisha. Miaka yote nimemlaumu yule mzee, na amekufa nikiwa bado namlaumu, lakini ukweli ni kwamba yeye aliulizwa neno akatoa neno. Aliyeniuma ni yule aliyenyamaza. Na mimi sasa nimenyamaza juu ya mkanda.

Basi leo, ulivyotoka tu, nikafungua begi lako. Niliutafuta mkanda kwa kidole, nikaupata kwa ule mshono usioonekana, nikavuka kwenda kwa Bakari.

Bakari unamjua, anachomelea vyuma pale ubavuni kwetu, na ni mtani wa ukoo wetu, kwa hiyo mdomo wake hauna breki. Nilimwambia nataka tuutundike mkanda huu kwenye ile fremu yake ya kunyanyulia injini, tuupe mzigo. Akauliza wa nani. Nikamwambia wa Zaituni. Akaacha utani kidogo, akavuta mnyororo.

Tulianza na saruji. Mfuko mmoja, kilo hamsini, mkanda haukujua kama kuna kitu. Tukatengeneza kitanda cha mbao, tukaongeza, mpaka ikawa mifuko minane. Kilo mia nne. Nikapitisha kidole kwenye mshono, umetulia. Nikagawanya kichwani: mia nne kwa hamsini na nane ni karibu saba. Zaituni saba wamening'inia kwenye mshono wangu na haujasema hata kwii. Mwanangu, nilifurahi. Nilikuwa tayari kukupigia simu. Nilikuwa nimeshapanga na maneno, na hayakuwa ya upole.

Bakari akawa anautazama ule mzigo, anajikuna shingo.

"Mtani," akasema, "mwanao ni saruji?"

Nikamuuliza ana maana gani.

"Saruji imekaa tu hapo, kama nyinyi mkialikwa karamuni. Haiendi popote. Lakini mtu si anaanguka?"

Lile swali la tani mbili lilikuwa limesimama mbele yangu limevaa ovaroli.

Tukajaza mchanga kwenye gunia, tukaupima, nikaongeza kwa konzi mpaka mizani ikasoma hamsini na nane kamili. Hilo gunia nililifunga mimi. Tukalifunga kwenye mkanda wako, Bakari akalipandisha mpaka karibu na chuma cha juu, mkanda ukawa umelegea, halafu akalishikilia kwa kipande cha kamba. Akaniambia nisogee. Akaikata ile kamba kwa kisu.

Gunia halikwenda mbali. Mita moja, labda na kidogo. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama mtu anayepasua kitambaa cha sanda. Kisha mchanga ulikuwa sakafuni na mkanda ulikuwa juu, unayumba, nusu yake.

Bakari akaanza kuzoa mchanga kurudisha guniani.

Nilipanda ngazi nikautoa mwenyewe, nikautazama kwenye mwanga. Na hapa ndipo pa kuandika, maana hutaamini. Uzi wangu haukukatika. Hata mmoja. Mshono wa boksi ulikuwa mzima, msalaba wake mzima. Kilichokatika ni mkanda wenyewe, kandokando ya mshono, ukifuata matundu ya sindano yangu, kama risiti inavyochanika kwenye vitundu vyake. Nilikuwa nimeutoboa ili niuponye. Ukingo ulikuwa umeshalika, na zile nyuzi nzima zilizobaki, mimi nikazipitishia sindano nene, tundu baada ya tundu, kwa uangalifu mkubwa. Ningeushona vibaya pengine ungebaki na nguvu zaidi.

Kipimo kimoja kinaweza kuwa bahati, kwa hiyo nikachukua mkanda mpya wa lori dukani kwangu, tukaudondoshea gunia lile lile. Ukashika. Nikausugua kwenye ncha ya tofali mpaka ukawa kama wako, nikaenda kwenye cherehani, nikaushona vile vile, nikarudi. Ukaachia pale pale. Bakari akaniomba tuache, mchanga unamjazia karakana. Nadhani alikuwa ananionea huruma, na huruma ya mtani haivumiliki, nikakubali.

Lakini nilirudi na majibu yangu yote mawili, Zai. Kilo hamsini na nane zikiwa zimetulia ni kilo hamsini na nane. Zikianguka na kusimamishwa ghafla, kwa ile dakika ya kufumba jicho zinakuwa kitu kingine kabisa. Gunia moja la mchanga lilifanya kilichoshindwa kufanywa na mifuko minane ya saruji. Ndiyo maana ya ishirini na mbili. Aliyetengeneza pete hakuwa anafikiria uzito wako, alikuwa anafikiria kuanguka kwako. Na kamba inavutika kwa sababu hiyo hiyo, isimsimamishe mtu ghafla, imshushe kidogo huku inampokea, kama unavyomdaka mtoto: mikono haikazwi, inashuka naye. Mimi kazi yangu yote ni mizigo isiyotakiwa kusogea. Nilidhani kushika ni kukaza.

Sasa nirudi kwenye neno.

Kibwana alikuja jioni, akakataa chai, akakaa kwenye turubai lililoviringishwa. Nilikuwa nimeuweka ule mkanda mezani, vipande viwili. Ningeweza kuuficha. Nilijua akiuona atafanya nini, na nilijua pia kwamba sehemu yangu moja, ile ambayo haitaki uondoke, ilikuwa imeshajua pa kuuweka ili auone. Sijui ni sehemu yangu ipi iliyouweka pale. Andika hilo kwenye makosa yangu au kwenye sifa zangu, mimi limenishinda.

Akaunyanyua. "Huu wa mtoto?"

"Wa mtoto."

"Umekatika."

"Umekatika kwa gunia la uzito wake."

Akaanza kusimama. Kaka yangu akishapata jibu hana mazungumzo. Nikamwambia akae, sijamaliza. Nikaenda kwenye droo nikatoa ule mwingine, wa uzi mweusi, ulioukata wewe. Nilikuwa nimeuhifadhi, nao ulikuwa umelala kwenye droo ya sindano pamoja na kinyongo changu. Nikauweka pembeni ya wa kwanza.

Nikamwambia, "Yote miwili nilishona mimi, na yote miwili ni mibovu. Huu nilimficha, ukakatika na gunia. Huu aliuona, akaukata mwenyewe kwa mkasi kabla haujamkata yeye. Nilikuwa nimesimama mbele yake, mama yake, nimejaa hasira, na bado akaukata. Umeniuliza vitu vyake kama vinashika. Vyake vinashika, Kibwana. Kilichoachia ni changu."

Alivigeuza vipande vile vinne kimoja kimoja. Akauliza kama ulijua nitakasirika. Nikamwambia ulijua vizuri sana. Akatikisa kichwa, na baadaye akachukua kile kikombe cha chai alichokikataa.

"Basi nitakuja Msamvu," alisema, "ila kubeba begi."

Kwa hiyo kesho ukimwona amesimama mlangoni mwa basi usiogope. Mpe begi.

Mimi sitakuambia haya kwa mdomo. Nitakuwa na kazi ya kugombana na kondakta kuhusu mahali pa kuweka mzigo wako. Ila ujue kwamba ile hasira ya mkasi imeisha leo, kwa Bakari, juu ya ngazi. Haikuisha kwa sababu nimekusamehe. Imeisha kwa sababu ulikuwa sahihi, na hilo ni gumu zaidi kumeza. Ukiwa huko, na kuna mtu unayempenda au unayemheshimu amekutengenezea kitu kwa mikono yake, na ukakitilia shaka, fanya kama ulivyofanya. Halafu kaa naye kidogo baada ya hapo. Wewe ulikata ukaondoka. Ungekaa, pengine ningekuambia upo wa pili.

Utakuta pia mfuko mpya wa kubebea kamba. Nimeushona kwa turubai la kijani, chini nimeweka tabaka mbili, na una kitambaa kinachofunguka kutandika chini ili kamba isilale kwenye mchanga. Niliona Neema anatumia gunia la mbolea na moyo uliniuma. Umeshonwa kwa mshono wa boksi, kila pembe. Kagua utakavyo. Haubebi mtu, unabeba kamba tu, na ukichanika lete niushone. Hiyo ndiyo mipaka tuliyowekeana mimi na jiwe lako.

Mkanda wa sita tafuta mpya. Usinitumie picha ya uliotumika kidogo.

Na jambo la mwisho. Tangu siku ile pale chini ya mwamba, nimesimama na kiatu mkononi, nimekuwa nikijiuliza kule juu unaona nini. Kilele cha Bondwa unakiona? Paa la bibi? Nilimuuliza Neema, akaniambia, "Mama, si upande uone." Nikamwambia asinichezee. Lakini leo baada ya Kibwana kuondoka nilichukua futi kamba yangu. Kiuno, sentimeta tisini na saba. Paja la kulia sitini na moja, la kushoto sitini na moja na nusu, ni kwa sababu ya kukanyaga cherehani. Uzito kilo sabini na nane, kabla ya chai. Mguu namba thelathini na tisa, na viatu visinikunje vidole, mimi si kijana.

Ukija likizo, njoo na hanesi ya vipimo hivyo. Iwe mpya kabisa. Ukiniletea iliyoshonwashonwa, mkasi ninao.

Salamu nilizokuahidi: bibi yako anakusalimu, amesema kwa simu ulipomuaga ulikuwa unatazama jiwe kuliko yeye. Bakari anakusalimu, anauliza nani atalipa mchanga wake. Mimi nakusalimu.

Mama yako,
Mwanahawa
Kihonda